Mwalimu, waambie watoto haki hizi zilitoka wapi

Leo natoka kidogo kliniki naingia darasani, ila mtaona tunarudi kulekule kwa watoto wetu.

Muulize mtoto wa darasa la sita hapa Issuna, Tanganyika ilipata uhuru lini. Atakujibu bila kusita: 9 Desemba 1961. Muulize Bibi Titi Mohamed ni nani, wengine watakwambia ni barabara ya Dar es Salaam! Muulize sasa sheria inasemaje kuhusu umri wa binti kuolewa. Kimya. Na hilo ndilo linalomgusa yeye mwenyewe.

Mimi naona watoto wafundishwe historia ya haki za wanawake kwa majina na miaka, kama wanavyofundishwa uhuru. Mifano ipo, tena ya hapahapa nchini.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa mzazi akiridhia, huku mvulana akisubiri 18. Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani. Alishinda Mahakama Kuu 2016, Serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vifungu hivyo virekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita bila marekebisho. Watoto wajue na hilo pia: kushinda kesi si mwisho wa safari.

Kuna Holaria Pastory wa Kagera. Aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, ndugu akamshtaki kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ikasema ana haki sawa na mwanaume. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaweka wazi: mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Wangapi kati yetu tunaolima alizeti tunalijua hilo?

Na juzi tu, Novemba 2021, ndipo Wizara ya Elimu iliporuhusu wasichana waliokatishwa shule kwa mimba warudi darasani.

Sasa turudi kliniki. Ukeketaji wa wasichana chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu 1998. Huku kwetu Singida baadhi ya watu wakahamia kwa vichanga, kwa siri, kwa kisingizio cha lawalawa. Jamani, lawalawa ni maambukizi. Yanatibiwa kwa dawa na usafi, hayatibiwi kwa wembe. Wembe unaleta damu kumwagika, pepopunda, na shida wakati wa kujifungua miaka mingi baadaye.

Mama wa miaka 20 akiambiwa na mama mkwe "ndiyo mila yetu tangu enzi", atajibu nini kama hajui lolote? Lakini aliyefundishwa shuleni anaweza kusema kwa heshima: "Mama, sheria hii imekuwepo kabla mimi sijazaliwa, na mtoto tumpeleke zahanati."

Najua wapo watakaosema tunawafundisha mabinti jeuri. Hapana. Hao niliowataja hawakumtukana mtu. Walikwenda mahakamani, wakasikilizwa. Hayo si maadili? Na wavulana wakae humohumo darasani, maana ndio waume, kaka na wenyeviti wa vijiji wa kesho.

Nafasi ipo. Tangu 2024 kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kwenye kikao kijacho cha wazazi, simama uulize: walimu wetu, haki za wanawake mnazifundisha vipi? Na nyumbani usingoje mwalimu, msimulie mwanao habari za Holaria jioni hii mkipukuchua mahindi.

Na mwenye kichanga chenye muwasho au wekundu sehemu za siri, asisikilize ngariba. Mlete zahanati, tutamwona.