Neno la Mhariri: Karatasi Kabla ya Mpira

Mtu akifika uwanjani saa nne asubuhi siku ya michezo ya shule za sekondari, akidhani amewahi, huwa amechelewa. Mechi ya kwanza imekwisha kuchezwa chini ya mwembe, kwenye meza iliyoazimwa darasani. Hapo walimu wa michezo wamekaa na mafaili: vyeti vya kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti, nambari za usajili za wanafunzi, barua za uhamisho kwa waliotoka shule nyingine. Kila mwalimu ana faili lake mkononi na jicho lake kwenye faili la jirani. Neno linalonong'onwa ni mamluki, mchezaji wa kuazimwa. Likikosa mtu wa kumwangukia, huja la pili: kijeba, aliyezidi umri.

Miaka kadhaa iliyopita, katika michezo ya namna hiyo upande wetu huu wa ziwa, nilimwona kipa wa hoki, msichana wa kidato cha tatu, ameketi kwenye nyasi akiwa amevaa pedi za miguu tangu asubuhi. Jina lake kwenye cheti lilikuwa na herufi moja zaidi ya jina lililo kwenye fomu. Wakubwa walikuwa wanajadiliana kama hilo lilikuwa kosa la karani au ujanja wa mwalimu. Jua lilipopinda wakakubaliana kwamba ni la karani. Timu yake ilikuwa imeshacheza bila yeye na kufungwa mabao matatu.

Alishinda rufaa yake, kwa hiyo. Hakuna aliyemkosea, ukisoma kumbukumbu za kikao. Nimezikumbuka pedi zile kwa sababu toleo hili linauliza itakuwaje meza ile ya chini ya mwembe ikihamia kwenye mlango wa chuo kikuu, na kinachogombaniwa kikawa si mechi ya siku moja bali shahada ya miaka minne.

Swali hili si la mbali. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya mikondo mitatu waliyowekewa ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali yenyewe, basi, imemwambia mtoto wa miaka kumi na mitano kwamba mguu wake na mkono wake ni somo. Atakapomaliza atauliza chuo kikuu kinalihesabuje somo hilo, na kwa sasa jibu ni jepesi: hakilihesabu. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, huangalia alama za KCSE, kundi la masomo linalodaiwa na kozi, chaguo la mwanafunzi na nafasi zilizopo. Aliyefungia timu ya hoki ya Sinyolo au ya Nyamira Girls mabao yote ya msimu na aliyekuwa akiwabebea wenzake maji wanasimama foleni moja, na anayetangulia ni mwenye alama. Maseno ilikuwa chuo kikuu kamili mwaka 2001, na chuo cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo mwaka 2013. Nyamira Girls iko Bondo hapo hapo. Hata hivyo mchezaji wa hoki wa ukanda huu anayetaka kusomeshwa kwa ajili ya gongo lake hutazama Nairobi, kwa vyuo vya binafsi kama USIU na Strathmore, ambavyo vina desturi ya kuwafadhili wanamichezo.

Ndiyo maana wapo wanaotaka vyuo vya umma vitenge nafasi za wanamichezo. Niseme msimamo wangu mapema, msomaji asinitafute katikati ya mistari: naziunga mkono. Ninachokiogopa ni jinsi tutakavyoziandika.

Jirani zetu wameshaziandika. Serikali ya Uganda kwa miaka mingi imekuwa ikifadhili wanafunzi wapya wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vya umma, na katika hesabu hiyo wanamichezo wametengewa nafasi 40, wenye ulemavu 64, na mgao wa wilaya 896. Arobaini ni kidogo, lakini ni nambari inayojulikana, na mtu aliyeikosa anajua amekosa nini. Sisi tuna mazoea mengine na neno mgao. Wazee wa Kisumu bado wanakumbuka miaka ya themanini, shule za sekondari zilipotakiwa kuchukua asilimia 85 ya wanafunzi wao kutoka eneo la karibu, na jinsi sera iliyosifiwa kwa jina la usawa ilivyowafungia watoto wilayani mwao. Kisha mwaka 2011 wazazi wa shule za binafsi wakaenda Mahakama Kuu kupinga mgao wa nafasi za kidato cha kwanza katika shule za kitaifa, uliowapendelea watoto wa shule za umma. Walishindwa. Mahakama ilikubali kwamba usawa wa kifungu cha 27 cha Katiba haumaanishi kumtendea kila mtu sawasawa, na kwamba serikali inaweza kumwinua aliyeachwa nyuma.

Je, mwanamichezo ni mtu aliyeachwa nyuma? Hapa ndipo wakili wa upande wa pili atakapoanzia, na sijui tutamjibu nini kwa sheria tuliyo nayo. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kinaipa KUCCPS kazi ya kuweka vigezo vya kuwapendelea waliotengwa, walio wachache na watu wenye ulemavu. Wanamichezo hawatajwi. Chuo kikitangaza kesho kwamba kimeweka nafasi ishirini za wachezaji kwa fedha za umma, mwanafunzi mwenye alama za juu zaidi aliyeachwa nje atakuwa na kesi nzuri mkononi. Kwa hiyo la kwanza ni marekebisho ya sheria Bungeni. Waraka wa katibu wa wizara hautatosha, wala hotuba ya mgeni wa heshima siku ya kukabidhi vikombe.

La pili ndilo linaloninyima usingizi: nani atasema fulani ni mwanamichezo? India, ambako nafasi hizi ni za zamani na kesi zake ni nyingi, wamejifunza kwamba ugomvi hauhusu kipaji hata kidogo. Unahusu cheti: kilitolewa na nani, kwa mashindano ya ngazi gani, mwaka gani. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya jimbo la Punjab, ambako nafasi za wanamichezo katika masomo ya udaktari zilikuwa zikitolewa kwa kuangalia mafanikio ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Mchakato ukiwa umeshaanza, wakubwa wakapanua wigo hadi miaka miwili ya nyuma yake. Mara moja orodha ikageuka. Waliokuwa nje wakawa ndani. Mahakama ilikataa kanuni kubadilishwa njiani namna hiyo. Msomaji wa Kisumu hahitaji kufafanuliwa. Sote tunawajua watu wanaopanua goli mpira ukiwa hewani.

Mfano wa pili unatoka Marekani, nao una mkono wa ziwa letu ndani yake. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi kule Washington, kilitwaa ubingwa wa kandanda wa vyuo kwa timu iliyojaa vijana wa Karibiani na Afrika. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kikakinyang'anya chuo ubingwa huo kwa madai kwamba baadhi ya wachezaji hawakustahili. Mojawapo ya kanuni zilizotumika ilimlenga mgeni waziwazi: aliyecheza mashindano katika nchi yake baada ya kutimiza miaka 19 alikatwa muda wake wa kucheza chuoni. Howard ikaenda mahakamani, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ikathibitisha kwamba kanuni hiyo inabagua wageni na haiwezi kusimama. Uwanjani walikuwa wameshajibu. Mwaka 1974 walitwaa ubingwa tena.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini miaka ile wakimbiaji wa Afrika Mashariki walikuwa wanawaacha wenzao nyuma katika mbio za vyuo. Henry Rono alikuwa Washington State. Suleiman Nyambui, aliyezaliwa Majita karibu na Musoma, ng'ambo ya kusini ya maji haya haya tunayoyaona kutoka Dunga, alikuwa chuo cha Texas kule El Paso, akiwa amewapita wanafunzi wenzake kwa miaka kadhaa ya umri, na mwaka 1980 alichukua medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Makocha wakalalamika kwamba watoto wao wanakimbizwa na watu wazima. NCAA ikaandika kanuni mpya, safari hii bila neno mgeni: mtu yeyote aliyeshiriki mashindano baada ya miaka 20 kabla ya kuingia chuoni, miaka hiyo inahesabiwa kama aliyochezea chuo. Kanuni hii nayo ilifikishwa mahakamani, na mwaka 1984 mahakama ya rufaa ikaiacha isimame. Iliwagonga watu wale wale kwa kiasi kikubwa. Tofauti ilikuwa ni lugha.

Nayakazia macho maneno hayo, miaka 20, kwa sababu ukomo wa umri ndio utakaokuwa wa kwanza kuandikwa katika kanuni zetu, na utaonekana hauna upendeleo hata kidogo. Uweke kwenye ramani. Mtoto wa mtaa wa Milimani hapa mjini huzaliwa hospitalini, huandikishwa wiki hiyo, huanza shule kwa wakati. Mtoto wa Mfangano au wa ufuo wa Usenge anaweza kupoteza mwaka kwa karo, mwingine kwa kufiwa na mzazi, wa tatu kwa sababu samaki walikuwa wanalipa kuliko darasa. Kuzaliwa kwake kusipoandikishwa ndani ya miezi sita huingia katika utaratibu wa usajili wa kuchelewa, nao unataka ada, barua ya chifu na subira. Cheti chake kikitolewa mwaka wa mtihani, tarehe iliyomo ni ya kweli mara nyingi, na inatiliwa shaka mara zote. Vijeba wapo, sitetei uongo. Nimewaona wenye ndevu wakiitwa wanafunzi. Lakini kanuni isiyomtofautisha kijeba na mtoto aliyecheleweshwa na umaskini itaondoa wengi wa aina ya pili ili imkamate mmoja wa aina ya kwanza.

Na akiondolewa, aende wapi? Sheria ya Michezo ya 2013 ilitupa Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, na limefanya kazi ya kuheshimika. Isome mamlaka yake katika kifungu cha 58, hata hivyo: husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya mashirika ya kitaifa ya michezo, pale kanuni za shirika zinaporuhusu rufaa, husikiliza rufaa dhidi ya Msajili wa Michezo, na mizozo mingine ya michezo iwapo pande zote zimekubali kuipeleka na jopo lenyewe likaridhia. Chuo kikuu si shirika la kitaifa la michezo. KUCCPS pia si. Umebaki mlango wa makubaliano, na sijawahi kumwona mshtakiwa akienda mbio kukubali kushtakiwa.

Basi aende Mahakama Kuu, ambayo angalau iko hapa hapa Kisumu. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya uamuzi wa haki na wa haraka, na ya kupewa sababu kwa maandishi, na sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kwa ajili ya haki hiyo inaeleza namna ya kuidai. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka amalize kwanza ngazi za ndani za rufaa, jambo ambalo Mahakama ya Rufaa imelisisitiza tangu 1992. Na ngazi hizo hazijaandikwa. Zaidi ya hayo, majaji wetu kwa muda mrefu wamesita kuingilia mambo ya kitaaluma isipokuwa pale uamuzi unapokosa mantiki kabisa. Kesi ikitajwa mara tatu na kuahirishwa mara mbili, muhula wa kwanza umekwisha na kitanda cha hosteli kina mwenyewe. Atashinda kama kipa wangu alivyoshinda.

Makala za toleo hili hazikubaliani, na sikujaribu kuzipatanisha. Yupo anayeona kwamba nafasi hizi zitakuwa mlango wa nyuma wa watoto wa wakubwa, kwa hoja ambayo sikuweza kuivunja. Mimi nang'ang'ania jambo moja tu: chochote kitakachoandikwa kiwe na chombo cha rufaa chenye ofisi upande huu wa nchi, chenye siku zilizohesabiwa za kutoa uamuzi, na kiseme waziwazi kwamba nafasi inayogombaniwa haigawiwi mtu mwingine hadi uamuzi utoke. Hilo la mwisho halihitaji hata shilingi.

Nawaomba walimu wa michezo, wazazi na wachezaji wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia: kama mchezaji wenu aliwahi kukataliwa mezani na mkapewa sababu kwa maandishi, tuleteeni nakala, majina tutayafuta. Kama hamkupewa maandishi yoyote, tuandikieni pia mkitaja mwaka na ngazi ya mashindano. Tunataka kuzihesabu barua hizo na kuzifikisha kwa kamati ya elimu ya Bunge kabla ya 2029, mwaka ambao wanafunzi wa Gredi ya 10 walioanza Januari 2026 watakuwa mlangoni.