Dawa ya ngozi ya Handeni na dhambi yetu waandishi

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na wapo walioniuliza kama nimefukuzwa kazi. Sijafukuzwa. Nilikuwa na jambo linanikera na sikujua nianzie wapi kulisema. Leo naanza, hata kama litawaudhi baadhi ya waandishi wenzangu.

Jambo lenyewe ni ile makala ya televisheni kuhusu mganga wa Handeni na dawa yake ya ngozi. Sitataja kituo kilichoirusha wala jina la mganga, maana kosa ninalotaka kulizungumza si la kwao peke yao. Kwa ambao hawakuiona: ni nusu saa nzima, muziki wa taratibu, mzee amekaa chini ya mwembe anatwanga mizizi. Anakuja mama mmoja anaonyesha mkono ambao zamani ulijaa mabaka, sasa laini. Anakuja kijana naye anasema alijikuna miaka mitatu, akanywa na kupaka wiki mbili, basi. Mtangazaji anauliza, "Ulijisikiaje?" Hakuna daktari hata mmoja aliyehojiwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyetumia ile dawa asipone. Mwisho kabisa, namba ya simu.

Wiki iliyofuata moto ukawaka. Madaktari walisema ile si habari bali tangazo. Sisi waandishi tukagawanyika kwenye kundi letu la WhatsApp: wengine wakasema mwandishi kazi yake ni kuonyesha alichokiona, wengine wakasema hapana. Mimi nilikaa kimya. Kuna sababu.

Sababu ni kwamba baada ya makala ile kurushwa, mhariri aliniambia niigeuze kuwa habari ya gazeti. "Watu wanaiongelea, tuwape," alisema. Nikaandika. Sikwenda Handeni. Nilikaa dawatini Dar es Salaam nikaiangalia makala mara mbili, nikanukuu ushuhuda wa wawili, nikatia neno "anadai" sehemu tatu ili nijione nimefuata maadili. Kichwa cha habari hakikuwa na "anadai" hata moja.

Simu zikaanza. Watu walitaka namba ya mganga. Siku ya nne akapiga shangazi yangu kutoka Korogwe.

"Mwanangu, si wewe umeandika ile habari ya dawa ya ngozi?"

Nikamwambia ndiyo shangazi, shikamoo. Akasema ana baka mkononi muda sasa, haliwashi, limekaa tu. Je, huyo mzee ni mtu wa kweli? Nikacheka, nikamwambia watu wanasema amewasaidia. Nikamtumia namba. Mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi.

Nisimalize hiyo hadithi sasa. Kwanza tuelewane kuhusu Handeni.

Jina la Handeni si la kawaida katika nchi hii. Mtu akitaka kubandika karatasi ya uganga kwenye nguzo ya umeme pale Mbagala, anaandika "kutoka Handeni", kama mwingine anavyoandika "kutoka Sumbawanga". Jirani zao Korogwe nao walimpeleka bungeni mganga maarufu, marehemu Stephen Ngonyani, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Profesa Maji Marefu. Alikuwa mbunge wa Korogwe Vijijini tangu 2010 hadi alipofariki Julai 2018. Sisemi haya kwa kubeza. Huko ndiko kwetu. Nasema tu kwamba ukiweka pamoja jina la Handeni, mzee mwenye mvi na kamera, tayari umeshauza dawa kabla mtu hajafungua mdomo.

Sasa tuje kwenye ngozi yenyewe. Hakuna sehemu ya mwili inayomdanganya mpiga picha kama ngozi.

Kwanza, "ugonjwa wa ngozi" si ugonjwa mmoja. Baka jeupe linaweza kuwa utangotango, ambao ni fangasi. Linaweza kuwa mbalanga, ambako ngozi inapoteza rangi yake. Linaweza kuwa ukoma, ambao ni bakteria na unakula mishipa ya fahamu polepole. Na mtu anayejikuna usiku kucha huko Korogwe vijijini anaweza kuwa na upele wa kawaida, au anaweza kuwa na usubi, vijidudu vinavyosambazwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Milima ya Usambara, pamoja na Korogwe, ni moja ya maeneo ya nchi hii yanayojulikana kwa usubi. Mganga anayesema dawa yake inatibu "ngozi" ni sawa na fundi anayesema ana spana moja inayofungua nati zote. Gari lako utamwachia?

Pili, magonjwa mengi ya ngozi huja na kuondoka yenyewe. Ukurutu hupanda na kushuka. Ukipaka chochote siku unaposhuka, kile ulichopaka kinapata sifa.

Tatu, na hili wengi hatulijui, dawa nyingine zinazouzwa kama za miti shamba zimekutwa zimechanganywa na steroidi. Steroidi inatuliza wekundu na muwasho haraka sana. Ukiipaka kwenye fangasi, utaonekana umepona mbele ya kamera huku fangasi wenyewe wanaendelea kutanuka chini kwa chini. Sisemi dawa ya mzee huyu ina kitu hicho. Nasema hakuna mwandishi aliyeuliza, na mimi ni mmoja wao.

Kwa hiyo picha ya "kabla" na "baada" haithibitishi kitu. Uthibitisho unataka mambo ambayo kamera haiwezi kuyapata kwa safari ya siku moja: kujua kwa hakika mgonjwa alikuwa anaumwa nini, kumlinganisha na mwenzake ambaye hakupewa dawa, kurudi baada ya miezi, na kuwahesabu wale ambao hawakupona. Hao wa mwisho hawaji kwenye makala. Wamekaa nyumbani.

Mtasema mbona tunajifunza leo? Hatujifunzi leo, na hilo ndilo linaloniuma. Mwaka 2011 nilikuwa shule ya msingi, lakini nakumbuka mtaani kwetu watu walivyochangishana nauli kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe shilingi 500. Kilisemwa kinatibu kisukari, saratani, hata ukimwi. Mwishoni mwa Machi mwaka huo foleni ilifikia watu wapatao 24,000, hadi Babu mwenyewe akaomba wengine wasije kwanza mpaka tarehe 1 Aprili. Watu wasiopungua 52 waliripotiwa kufa wakiwa kwenye safari ile ya kutafuta uzima. Magazeti yaliuza. Redio ziliuza. Wataalamu waliposema dawa haionyeshi kuwa na sumu, sisi tukaisikia kama wamesema inatibu. Maji ya kunywa nayo hayana sumu! Babu alifariki Julai 2021, na hadi leo hakuna utafiti ulioonyesha kwamba kikombe kile kilimponya mtu ukimwi. Lakini wapo walioacha dawa za kufubaza virusi kwa sababu yake. Hao nani aliwaandikia habari?

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba Korogwe hiyo hiyo inajua kuthibitisha dawa maana yake nini. Inajua kuliko miji mingi ya Afrika.

Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa majaribio ya awamu ya tatu katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Tanzania ilikuwa na vituo viwili, Bagamoyo na Korogwe. Watoto 15,459 walishiriki. Wengine walipewa chanjo ile, wengine walipewa chanjo nyingine kwa ajili ya kulinganisha, na wakafuatiliwa kwa miaka. Majibu yalipotoka mwaka 2015 hayakuwa ya kushangiliwa: kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, matukio ya malaria yalipungua kwa takribani 36%. Si 100%. Waliandika hivyo hivyo, pamoja na madhara waliyoyaona. Shirika la Afya Duniani lilikuja kupendekeza chanjo hiyo itumike kwa upana Oktoba 2021.

Fikirini. Akina mama wa Korogwe waliwabeba watoto wao kliniki miaka yote hiyo ili dunia ijue asilimia 36. Mzee wetu wa Handeni amepata asilimia mia kwa nusu saa, na sisi tukampigia makofi.

Najua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa. "Wewe chuo kimekuharibu, unadharau tiba za mababu." Jamani, sidharau. Dawa ya mseto ya malaria tunayoipata zahanati ina asili ya mmea ambao Wachina waliutumia karne nyingi. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, alisoma vitabu vya kale, akaanza kuupima mmea ule miaka ya 1970, akashindwa, akarudia, akafanikiwa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Waliogawana naye tuzo hiyo walitambuliwa kwa kazi iliyotuletea ivermectin, dawa ile ile inayogawiwa bure vijijini kwa ajili ya usubi. Hiyo ndiyo heshima ya kweli kwa mti shamba: kuupima. Kumsifia mzee bila kumpima ni kumtumia.

Jibu la pili nalikubali zaidi. Wananiambia hospitali ziko mbali na madaktari bingwa wa ngozi ni wachache. Ni kweli. Kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kwa ukanda wetu kipo KCMC, Moshi, tangu 1992, lakini mtu wa kijijini Handeni akihesabu nauli ya kwenda Moshi anakata tamaa kabla hajapanda basi. Mganga yupo hapo hapo, anakukaribisha, anakusikiliza, hakufokei dirishani. Hiyo nayo ilikuwa habari. Kwa nini hatukuifanya? Kwa nini hakuna aliyekwenda kuuliza zahanati ngapi za Handeni zinaweza kutofautisha utangotango na ukoma? Tungekuwa tumemsaidia mwananchi kuliko kumpa namba ya simu.

Na sheria ipo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, na kuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Swali la kwanza la mwandishi lingekuwa fupi tu: mzee, umesajiliwa? Dawa yako je? Dakika moja haiishi.

Sasa nimalizie ya shangazi.

Alikwenda Handeni. Si mbali, kutoka Korogwe mjini ni kilometa 65 za lami. Alitumia ile dawa, akarudi kuongeza, akaambiwa avumilie. Ilipita miezi minane. Siku moja anaepua sufuria, binamu yangu akaona moshi kwenye mkono wa mama yake. Shangazi alikuwa anaungua na hana habari. Hapo ndipo walipompeleka hospitali, na mratibu wa kifua kikuu na ukoma akamgusa baka kwa pamba. Hakusikia kitu.

Ukoma, wadau. Ugonjwa ambao dawa yake inatolewa bure duniani kote tangu mwaka 1995. Miezi 6 kwa wengine, 12 kwa wengine, na ukianza kumeza huambukizi tena. Ukiwahi, hubaki na ulemavu wowote. Shangazi hakuwahi. Amemaliza mwezi wa tano wa dawa na wadudu wanakufa, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto vimejikunja na daktari hakuahidi kwamba vitanyooka.

Hajanilaumu. Nilipokwenda kumwona alinikaribisha, akanipikia bada kwa mkono mmoja na nusu, akasema, "Mungu ndivyo alivyopanga, baba." Nilitamani anitukane.

Mganga nimempigia. Alisema yeye alidhani ni mbalanga, na kwamba yeye hakuwaita watu wa televisheni, walikuja wenyewe. Namwamini. Ndiyo maana simtaji.

Ombi langu kwa wenzangu ni dogo. Mkienda kwa mganga, nendeni na mtu wa afya. Watafuteni waliotumia dawa wasipone, wapo. Rudini baada ya miezi sita na mrushe mtakachokikuta kwa urefu ule ule. Kama hamna nauli ya kurudi, msirushe. Na wewe msomaji mwenye baka lisilowasha wala kuuma, usisubiri makala: gusa kwa pamba. Kama huisikii, nenda kituo cha afya kesho asubuhi.

Nimemwomba mhariri niandike masahihisho ya habari yangu ile. Amesema imeshapitwa na wakati. Kwake imepitwa. Simu za kuomba namba ya mganga bado ninapokea, ya mwisho ilikuwa juzi jioni, mama mmoja wa Mombo. Tuliongea dakika arobaini.

Nawasilisha.