SPANA ZA MTANDAONI HAZINA NAMBA: DOGO WA MSANZI NA KATUNI ZAKE ZA NJITI

Wabongo wana kipaji kimoja ambacho hakijawahi kupewa tuzo: kumcheka mtu anayeanza. Mtu huyo akishafika juu, wao hao ndio wa kwanza kusema "huyu tulimjua kitambo".

Safari hii aliyekula spana ni dogo mmoja wa Msanzi, Rukwa, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa ambako mwezi wa saba asubuhi hutoki nje bila koti. Jina lake kapuni, maana yaliyompata yanatosha. Dogo kamaliza kidato cha nne, mchana anasaidia nyumbani shambani, usiku anachora. Anachora watu wa njiti: kichwa duara, mwili mstari mmoja, mikono mistari miwili, miguu mistari miwili. Peni ya bluu, daftari la shule lililobaki kurasa. Basi.

Akaazima simu ya binamu yake, akapiga picha kurasa nne, akazirusha Insta na maneno matatu tu: "Naanza, naomba maoni."

Maoni aliyoomba hakuyapata. Alichopata ni hiki hapa.

Staa mmoja wa vichekesho aliichukua ile picha akaiweka kwake na emoji za kucheka hadi machozi. Jina lake nalo kapuni, maana akitajwa atapata kiki, na kiki ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Hakuandika neno hata moja kuhusu mchoro wenyewe. Mafolowa wake wakamalizia kazi. "Hizi katuni au viberiti?" "Mwanangu wa chekechea anamzidi." "Rudi shamba, mahindi yanakusubiri." Na kwa kuwa dogo katokea Rukwa, ule utani uliochoka nao ukafika mbio: "Chora ungo tupae."

Kwanza huo utani wa ungo uzikwe leo. Jina la Sumbawanga linaelezwa na wengi kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Yaani jina lenyewe linaufukuza, halafu mtu amekaa Sinza anaurudisha kila siku kwa bando lake. Mtoto kaleta katuni ya konda na bibi, mnamjibu kwa ungo. Hiyo inahusiana nini na kuchora?

Baada ya wacheka ovyo wakaja wajuaji. Mchoraji mmoja mwenye jina pale Dar, ambaye kazi zake zinalipwa vizuri, akaandika sentensi moja: "Kajifunze anatomia kwanza." Watu wakampigia makofi, eti kaongea kitaalamu. Kaongea nini? Anatomia ipi, kwenye mtu wa mistari mitano? Bega? Goti? Mchoro wa ngapi? Dogo aanzie wapi kesho asubuhi? Ni sawa na daktari kumwambia mgonjwa "kapone kwanza" halafu akaita anayefuata.

Halafu wakaja wenye huruma. "Uko vizuri sana mdogo wetu." "Picasso wa Rukwa." "Usikate tamaa, moto, moto, moto." Hawa nao wasijione watakatifu. Hawakuangalia mchoro. Walimwonea dogo huruma wakamrushia sifa kama mtu anavyotupa mia mbili kwenye kopo bila kusimama. Sifa ya namna hiyo haimfundishi kitu. Kesho atachora yaleyale, kwa sababu kaambiwa yako vizuri sana.

Sasa swali moja tu kwa wote hao, waliocheka, waliojua na waliosifu: ile katuni ilikuwa inahusu nini?

Kimya.

Ilikuwa hivi. Picha ya kwanza, bibi anapanda Hiace na debe la maharage. Picha ya pili, konda anamwambia debe nalo linalipiwa nauli. Picha ya tatu, bibi analipa nauli mbili. Picha ya nne, debe limekaa kwenye siti, bibi kasimama pembeni, na konda anagombezwa na abiria wote kwa nini bibi kasimamishwa. Debe limelipa, lina haki yake.

Hiyo ni katuni. Ina mwanzo, ina kisa, ina pigo la mwisho, na pigo lenyewe liko kwenye picha, halijaelezwa kwa maneno. Kuna watu wanachora misuli mpaka mishipa inaonekana na hawajawahi kupata wazo kama hilo la debe. Na hakuna hata mmoja aliyemwambia dogo, "hapo kwenye debe umepatia." Hata mmoja!

Mtandaoni kumsema mtu vibaya kunaitwa kumpiga spana. Neno zuri, ila walioligeuza tusi hawajawahi kukaa gereji. Gereji spana ina namba. Fundi hamwambii kijana wake "lete spana" halafu akamcheka akikosea. Anasema lete namba 13, na kijana akileta 14 anaambiwa hiyo kubwa, itakula kichwa cha nati. Ndiyo maana baada ya mwaka mmoja yule kijana anafungua injini. Spana za mtandaoni hazina namba. Zinarushwa tu, na zikimpata mtu zinamuumiza, lakini hakuna nati iliyokazwa.

Tuje kwenye njiti zenyewe, maana inaonekana watu wanadhani mtu wa njiti ni aibu.

Nendeni Kondoa, mkoa wa Dodoma, kwenye mapango ya Kolo. Kule juu ya miamba kuna watu waliochorwa zamani sana kwa rangi nyekundu, warefu, wembamba, miili yao kama fimbo. UNESCO iliyaingiza maeneo hayo kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na watalii wanapanda ndege kuja kuangalia. Hakuna anayesimama chini ya mwamba na kuuliza hivi ni viberiti. Wanaangalia namna wale watu walivyoinama, walivyonyanyua mikono, na wanaelewa.

Mkitaka ya kisasa, yapo. Mmarekani Randall Munroe, aliyewahi kufanya kazi NASA, alianza mwaka 2005 kuchora katuni za njiti zinazoitwa xkcd, vichwa duara visivyo hata na macho, na mpaka leo dunia inamsoma. Jeff Kinney alitaka kuchora katuni za magazetini, hazikukubaliwa. Akachora mtoto wa mistari michache akamweka kwenye kitabu, Diary of a Wimpy Kid, mwaka 2007. Vitabu vya mfululizo huo vimeuza nakala zaidi ya milioni 200.

Na hapa nyumbani? Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, Kingo wa James Gayo, Kipanya wa Masoud. Watu waliwapenda hao kwa sababu wanamjua mtu huyo, wamekutana naye mtaani. Edward Saidi Tingatinga hakusomea sanaa darasani. Alianza Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, akipaka rangi za baiskeli kwenye vibao, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Angekuwa na Insta enzi zile, labda mngemwambia chui wake ana madoadoa kama ugonjwa.

Haya, mtu akitaka kumkosoa dogo kweli, angemwambia nini? Namba hizi hapa, na hazihitaji chuo.

Namba moja: funika majina kwa kidole. Dogo aliandika juu ya kila kichwa, "Bibi", "Konda", "Abiria". Ukifunika, wote ni mtu mmoja. Hilo ndilo tatizo kubwa la katuni zake, kuliko anatomia yote ya Dar. Mhusika lazima ajulikane hata akiwa kivuli. Bibi apewe kilemba na fimbo, konda apewe kofia ya kugeuza na noti zilizobanwa katikati ya vidole. Vitu viwili vinatosha.

Namba mbili: mgongo. Watu wake wote wamesimama wima kama nguzo za umeme. Mstari mmoja wa mwili ndio kila kitu kwenye njiti. Ukiupinda mbele ni uzee au uchovu, ukiupinda nyuma ni majivuno, ukiulaza ni konda anayening'inia mlangoni. Kabla ya kuchora mikono, pinda mgongo.

Namba tatu: viungo. Mkono usio na kiwiko hauwezi kulipa nauli. Kwenye picha ya tatu bibi anatoa hela kama anaelekeza njia. Mstari ukivunjwa katikati, tayari ni kiwiko.

Namba nne: ardhi. Miguu yao inaelea. Mstari mmoja wa sakafu chini ya miguu, na kivuli kidogo, vinawatua.

Namba tano: maneno. Konda ana sentensi nne kwenye kipuli kimoja. Konda gani ana muda huo? "Debe nalo nauli!" Inatosha.

Hesabu dakika ulizotumia kusoma hizo tano. Ni chache kuliko zile mtu alizotumia kutafuta emoji na kusubiri like.

Na dogo naye asiachwe hivihivi. "Naomba maoni" ni ombi la kijumla mno. Ukimwambia fundi cherehani "nishonee nguo" atakushonea chochote. Anayeanza naye ajifunze kuuliza: je, mnamtambua bibi bila jina? Je, mmeelewa kwa nini debe limekaa? Ukiuliza hivyo, mcheka ovyo anakosa pa kushika, na mwenye jibu anajua aanzie wapi. Pia usipeleke mchoro wa kwanza wa mhusika. Mchore bibi yuleyule mara 20, amekaa, anakimbia, amekasirika, ndipo uulize. Ukipeleka mmoja, watu watajadili bahati yako ya siku hiyo.

Kuna watakaosema: sanaa ni ngozi ngumu, asiyeweza kuvumilia matusi asiingie. Hii hoja inapendwa sana na watu wasiochora. Uvumilivu unahitajika, sawa. Msanii anatakiwa avumilie kuchora ukurasa mara kumi, avumilie kuambiwa hadithi yake haieleweki. Kuvumilia kuitwa mchawi ni stadi gani ya uchoraji? Inamfundisha kupinda mgongo upi? Mtoto wa Dar akitukanwa ana sehemu nyingine ya kwenda, kuna maonyesho, kuna wachoraji wa kuwafuata ofisini, kuna Bagamoyo na TaSUBa si mbali. Wa Msanzi, Bagamoyo kwake ni zaidi ya kilomita 1,000. Ile simu ya kuazima ndiyo ilikuwa darasa lake lote. Mkamfungia mlango mkacheka.

Akaunti ameifuta. Binamu ndiye aliyeambiwa aifute, kwa sababu simu ni yake.

Ila kuna jambo lilitokea baadaye ambalo halikupostiwa na mtu. Dogo alitumwa Sumbawanga mjini, daftari kwapani. Akasimama kumwangalia fundi mmoja anayechora mabango ya maduka, wale wa kuandika "Hapa tunauza soda baridi" na kuchora chupa pembeni. Fundi akaomba kuona daftari. Akasoma ya debe, akacheka, safari hii kwa sababu inachekesha. Kisha akaweka kidole kwa bibi na kusema, "Mdogo wangu, bibi yako huyu hana umri." Hakumchorea. Alimpa penseli, akamwambia aupinde mstari mmoja tu, ule wa mgongo. Dogo akaupinda. Bibi akazeeka palepale, na debe likawa zito.

Maneno machache na mstari mmoja. Yule fundi hana mafolowa, na hiyo ndiyo spana pekee yenye namba aliyowahi kupewa dogo.

Dogo anaendelea kuchora, habari ndiyo hiyo. Ila hamuonyeshi mtu. Bibi mwenye mgongo uliopinda yupo Msanzi kwenye daftari, konda ameshapata kofia, na nyie mliocheka hamtawaona. Hasara hiyo ni yenu, si yake.

Haya wadau, uwanja ni wenu hapo chini. Ila leo masharti ni moja: kabla hujaandika, kumbuka mchoro, wimbo au shairi la mwisho la mtu anayeanza uliloliona. Taja kitu kimoja alichopatia na kimoja cha kurekebisha, kwa namba. Kama huna, pita kimyakimya, bando ni ghali.