Karatasi mbili za maabara, mwili mmoja

Mwaka jana shemeji yangu alifika nyumbani kwetu Buyenzi na karatasi mbili mkononi, analia. Ni mfanyabiashara wa vitenge, hupita Mugina na Manyovu karibu kila wiki, na hedhi yake ilikuwa imevurugika kwa miezi kadhaa. Alipimwa damu hapa Bujumbura, karatasi ikaandikwa kwa Kifaransa: estradioli 60. Baadaye akapimwa ng'ambo ya mpaka, karatasi ikaandikwa kwa Kiingereza: 220. Aliyempa ile ya pili aliitazama ya kwanza, akamwambia homoni imepanda karibu mara nne, huenda ana uvimbe. Akauziwa dawa. Akauza mzigo wake kwa hasara ili apate nauli ya kwenda Kampala kwa daktari bingwa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, si daktari. Nilisoma Mishamo ukimbizini, ambako maabara yetu ilikuwa picha ya darubini iliyochorwa ubaoni. Hata hivyo mwalimu wetu alitukazania kwamba namba isiyo na kizio haina maana. Nikavaa miwani. Karatasi ya kwanza ilisema pg/ml, yaani uzito wa homoni. Ya pili ilisema pmol/l, yaani idadi ya chembe zake, tena kwa herufi ndogo kama miguu ya sisimizi. Zidisha 60 kwa 3.67, unapata 220. Homoni haikupanda hata kidogo.

Ndugu zangu mnaovuka mpaka, nani kati yenu anayeweza kupokea 220 bila kuuliza kama ni shilingi au faranga?

Kizio siyo taabu pekee. Estradioli ni ndugu mmoja katika ukoo wa estrojeni. Ini huibadilisha kuwa estroni, kisha kuwa mabaki mengine mengi yanayotoka kwa mkojo. Mwaka 1929 Butenandt wa Ujerumani na Doisy wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, waliipata estroni kutoka katika mkojo wa wanawake wajawazito. Mashine nyingi za hospitali hutumia kingamwili inayoinasa homoni, njia iliyotokana na kazi ya Yalow na Berson huko New York, ambayo ilimpa Yalow tuzo ya Nobel mwaka 1977. Ni njia ya haraka, lakini kingamwili huweza kumnasa ndugu ikidhani ni mwenyewe, hasa pale homoni ilipo kidogo, kama kwa mwanamke aliyekoma hedhi au kwa mwanamume. Hata vidonge vya biotini, vile vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, vinaweza kuidanganya mashine ya aina hiyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Ipo njia nyingine, ya kutenganisha chembe na kuzipima uzito mojamoja. Hiyo humtambua kila ndugu kwa jina lake, ila mashine yake ni ghali mno.

Msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda kwa wanawake waliowekewa vijiti vya uzazi wa mpango huku wakitumia dawa ya UKIMWI iitwayo efavirenzi. Homoni ya vijiti hivyo si estrojeni, lakini nayo huvunjwa na ini, na efavirenzi huliharakisha ini. Damu ilipopimwa, homoni ilikutwa imepungua kwa karibu nusu. Wanawake 3 kati ya 20 walishika mimba kabla ya mwaka kwisha. Bila kipimo cha kuaminika wangeambiwa ni uzembe wao, na nyumbani wangeambiwa mengine mabaya zaidi.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kilo ya mchele ni kilo Manyovu na ni kilo Mugina. Nionavyo mimi, wizara za afya za pande zote mbili ziagize kila karatasi ya homoni iandike kizio kwa herufi zinazosomeka, njia iliyotumika, na siku ya mzunguko damu ilipotolewa, kwa sababu estradioli ya siku ya tatu si ya siku ya kumi na tatu. Wino wa kuandika mistari mitatu hauhitaji mfadhili.

Kwa sasa, mwenye kufuatilia homoni arudi maabara ileile, na ataje kila kidonge anachomeza, hata cha nywele.

Shemeji hakwenda Kampala. Daktari wa hapa mjini alizisoma karatasi zote mbili, akamwambia ni umri unaobadilika, aache ile dawa. Vitenge alivyouza kwa hasara havikurudi.