Mirage: mtoto wa mambo safi aliyeitwa msaliti

Wiki hii tuwaweke kando wanamuziki, tumchambue jamaa mmoja wa kwenye katuni. Msicheke, yaliyomkuta huyu bwana yanaweza kukukuta hata wewe hapo kijiweni kwenu.

Ukitaja Transformers, wengi akili inaruka kwa Optimus Prime na Bumblebee. Sawa, hao ndio mastaa. Lakini tangu katuni ile ianze huko Marekani mwaka 1984 alikuwemo Mirage, roboti wa bluu na nyeupe, ambaye akijigeuza anakuwa gari la mbio za Formula 1. Tena si gari la kubuni. Ni Ligier JS11 ya Ufaransa, namba 26, ile ile ya Jacques Laffite aliyeshinda mbio mbili za mwanzo wa msimu wa 1979, Argentina na Brazil. Kwa hiyo mchezo kuujua anaujua!

Tatizo lake, katoka kwenye mambo safi. Boksi alilouzwa nalo madukani lilisema wazi kwamba vita hivi havimwingii sana, anatamani arudi kwao Cybertron akawinde na marafiki zake wenye nazo. Halafu ana kipaji cha kupotea machoni pa watu. Hebu fikiria: tajiri, ana maringo kidogo, anatoweka bila kuaga. Nani hatamsema?

Aliyemsema ni Cliffjumper, kagari kadogo kekundu kenye mdomo mrefu. Kwenye kipindi cha Traitor, mwaka 1985, anamshikia bango kwamba ni msaliti. Ushahidi? Hana, ila roho yake imekataa tu. Basi Mirage, badala ya kukaa na wenzake wayamalize, anaondoka peke yake kwenda kuwagombanisha maadui, Decepticon na Insecticon. Wanatwangana kweli kweli! Mpaka Bombshell, mmoja wa Insecticon, anapompandikiza kidude kichwani na jamaa anaanza kutii amri za maadui. Yaani tuhuma zenyewe ndizo zilizompeleka kule alikotuhumiwa kwenda. Mimi namlaumu Cliffjumper kuliko Bombshell. Bombshell alikuwa adui na hakujificha.

Mwishoni jina lilisafishwa. Kichekesho ni kwamba sauti ya Mirage ilikuwa ya Frank Welker, huyo huyo aliyemsemea Megatron, bosi wa maadui. Cliffjumper angejua hilo, pangekalika hapo?

Mwaka 2023 walimrudisha kwenye filamu ya Rise of the Beasts, safari hii Porsche 911 yenye sauti ya Pete Davidson, mcheshi, anaongea kama redio. Vijana walimpenda. Mimi bado namtaka yule wa Ligier, na maringo yake.