Mumunye Halijaharibika

Kipupwe kimeingia Morogoro. Asubuhi milima ya Uluguru huioni kabisa. Saa nne ndipo inapojifunua shuka. Bustani yangu ya nyuma ya jiko nayo inafunga virago. Matembele yamebaki kamba tupu, kunde zinapasuka zenyewe juani, na nyanya chungu ambazo hakuna aliyezichuma zimeiva nyekundu, kama zimekasirika.

*

Bei ya nyanya mmeiona wenyewe. Masika tulinunua kwa kuhesabu moja moja. Sasa tunabembelezwa tubebe ndoo nzima. Sisemi kitu.

*

Jumanne kijana aliyekuja kunifyekea uwanja aling'oa mchicha wangu wote uliochanua. Niliuacha kwa makusudi ukomaze mbegu, umefika kifuani, vishada vimeinama. Nilipomuuliza, alinishangaa. "Mzee, ule si ulishazeeka?"

Simlaumu sana. Hata methali iko upande wake: mumunye huharibikia ukubwani. Wanaosoma daftari hili wanajua ugomvi wangu na methali hiyo ni wa miaka. Nakubali inavyowasema watu, ila aliyeitunga alikuwa amekaa kwenye jamvi anasubiri chakula, bustanini hakufika. Mumunye changa ni mboga laini. Likikomaa, ganda linakuwa gumu kama ubao na nyama inageuka nyuzi. Kwa mlaji limeharibika. Lakini ndani yake mbegu ndiyo kwanza zimekamilika, na ganda lenyewe likikaushwa na kutobolewa unapata chombo cha kuchotea maji. Limeharibika kwa nani?

Kosa letu ni kuitazama bustani kwa jicho la sufuria. Jani likikomaa tunasema limekwisha, tunang'oa, tunachoma moto, kisha mvua zikikaribia tunapanga foleni kununua pakiti. Na ya dukani ikiwa chotara, usijisumbue kutunza mbegu zake: ukizipanda unapata watoto wa kila sura, huyu mrefu, yule mfupi, wa tatu hazai. Sizikatai pakiti. Nyanya zangu mwenyewe ni za dukani, maana masika ya hapa ukungu hauna huruma. Lakini mchicha? Bamia? Kunde?

Kazi yenyewe si kubwa. Kunde ziache zikauke mtini, upure. Bamia lisubiri mpaka lianze kupasuka. Mchicha ukung'utie kwenye ungo, upepete taratibu, maana mbegu zake ni ndogo kama chembe za mchanga na mche mmoja hutoa maelfu kwa maelfu. Nyanya ndiyo ina makuu: mbegu zake zimevaa utelezi unaozizuia kuota, kwa hiyo unazikamulia kikombeni, unaziacha siku mbili tatu zichache mpaka zinuke, ndipo unapoziosha na kuzianika. Boga, tahadhari. Nyuki hawajui mpaka wa ua. Mwaka juzi nilipanda mbegu za boga langu tamu, nikavuna kitu chenye umbo langu na ladha ya jirani.

Wapo wanaofanya kazi hii kwa ukubwa. World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga chenye makao yake makuu Taiwan, kina tawi Arusha tangu mwaka 1992, na humo zinatunzwa mbegu za mboga zetu: mchicha, mnavu, nyanya chungu. Nafurahi. Ila mbegu iliyo kwenye jokofu la Arusha haijui mvua ya mwaka huu ilinyesha vipi uani kwangu. Ile iliyokomaa hapa inajua.

*

Nimeletewa michembe na matobolwa kutoka Shinyanga. Kwa mara ya mwisho, ndugu zangu wa pwani: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, matobolwa vimechemshwa kwanza. Msinirudishe tena kwenye hili.

*

Oktoba iliyopita mpwa wangu aliyeko Minnesota alinitumia picha ya beseni la nyanya mbichi, kijani kabisa, amezichuma kabla jalidi haijaziua. Akaandika: "Mjomba, vuli imefika, nafunga bustani." Vuli! Vuli ni mvua. Vuli ndipo tunaposhika jembe. Lakini wafasiri wameichukua, wakawavika watu wa kaskazini kwa ajili ya msimu wao wa majani kudondoka, na sasa neno moja linafungua bustani huku na kuifunga kule. Semeni mapukutiko. Neno lipo, linajieleza, na halimwibii mkulima mvua yake.

Hata hivyo alinifundisha jambo. Sukuma wiki zake hazikufa kwa jalidi. Ziliongezeka utamu, kwa sababu baridi ikibana mmea huo hugeuza wanga wake kuwa sukari ili maji yake yasigande upesi. Zangu zimedekezwa na jua, ndiyo maana zina uchungu.

*

Bustani za kwenye picha za mtandaoni hazina hata jani moja lililotobolewa na mdudu. Haya.

*

Bibi yangu alikuwa na bamia ndefu, nyembamba, isiyokomaa upesi. Mbegu zake alizifunga kwenye kitambaa na kuzining'iniza juu ya meko, moshi uzilinde na wadudu. Alipofariki tulikaa siku tatu tukijadili nani achukue redio na nani achukue kitanda. Kile kifurushi kilitupwa pamoja na masizi. Aliyekitupa ni mimi. Nilikuwa nasafisha jiko.

Mwenye bamia ya namna hiyo aniandikie. Mumunye langu bado liko mtini, gumu, zito. Mwezi ujao mbegu zake zitakuwa zimekauka, nami niko tayari kubadilishana.