Uza Tangi Kwanza, Kikande Baadaye

Biashara ya samaki wa mapambo wa baharini si ngeni Pwani ya Kenya. Kwa miongo kadhaa, wapiga mbizi wa Shimoni, Diani, Kilifi na kwingineko wamekuwa wakinasa samaki wa rangi kwa vyandarua vya mkono na kuwauzia wenye leseni, ambao huwasafirisha kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Lakini kuna soko jingine, dogo, lisilozungumzwa sana: la humu nchini. Ni mkahawa unaotaka tangi la kioo mlangoni, daktari wa meno anayetaka wagonjwa watulie wakisubiri zamu, mwenye nyumba anayepamba sebule. Hili ndilo soko ambalo mwenye mtaji mdogo anaweza kulifikia bila kumjua hata mnunuzi mmoja wa ng'ambo.

Nalo linaharibiwa na zoea moja. Samaki wakali huuzwa kama maua: mteja anaonyesha kwa kidole, anafungiwa kwenye mfuko, analipa, anaondoka. Hakuna anayemuuliza tangi lake lina ukubwa gani, wala ndani yake mna nani.

Chukua mfano wa kikande. Yule mweusi mwenye madoa makubwa meupe tumboni na midomo ya rangi ya machungwa ndiye anayependwa kuliko wote. Dukani mara nyingi huwa na urefu wa kidole tu. Akikua hufika sentimita 50, na meno yake yameumbwa kwa kazi ya kuvunja gamba la kaa. Mteja aliyemnunua akidhani amepata pambo amenunua kitu kama mbwa mlinzi, na baada ya muda mlinzi huyo atakuwa amewauma au kuwala wote aliowekwa nao. Mteja hatasema alikosea tangi. Atasema samaki wa baharini hawafugiki, na tangi litapandwa maua.

Wapo wanaouliza mbona baharini samaki hawa hawamalizani. Jibu ni nafasi. Kangaja wa rangi ya samawati mwenye pezi la manjano mgongoni hulinda kipande chake cha mwamba na kumfukuza kila anayefanana naye. Anayefukuzwa huogelea mita chache, akavuka mpaka, ugomvi ukaisha. Ndani ya kioo cha mita moja hakuna mpaka wa kuvuka. Tangi zima ni shamba la mwenye nguvu, na mnyonge hufukuzwa kutwa hadi mapezi yanachanika, anaacha kula, anajibanza kwenye kona ya juu karibu na pampu. Ukimwona samaki amekaa hapo saa nyingi, usidhani anapumzika.

Basi swali la kwanza ni la hesabu, na ni hesabu ya darasa la sita. Pima urefu, upana na kimo cha tangi kwa sentimita, zidisha, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni lita. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, ambalo fundi yeyote wa vioo mjini atakutengenezea, ni lita 182. Hilo si la kikande yeyote. Tangi la 180 kwa 60 kwa 60 ni lita 648, na hapo ndipo mazungumzo ya samaki wakali wa wastani yanapoweza kuanza.

Lita peke yake hazitoshi, kwa sababu tangi refu la kwenda juu lina maji mengi na nafasi ndogo ya kuogelea. Kipimo tunachokiona cha busara ni hiki: urefu wa tangi usipungue mara tano ya urefu wa samaki akiwa mzima, na upana wake usipungue mara moja na nusu, ili aweze kugeuka bila kujikwaruza. Kikande mdogo wa fukweni, yule mwenye mistari kama iliyochorwa na mtoto, hufika kama sentimita 25, wengine 30. Anatosha katika tangi la sentimita 180. Yule wa madoa meupe, kwa kipimo hicho hicho, anataka tangi la sentimita 250 kwa 75. Likiwa na kimo cha 70, hizo ni lita 1,312.

Hapa mwuzaji mwaminifu anapaswa kumwambia mteja jambo ambalo fundi wa vioo huenda asimwambie. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Tangi hilo likijazwa ni zaidi ya kilo 1,300 kabla hujahesabu kioo na mawe. Mkahawa ulio ghorofa ya pili kwenye jengo la kukodi hauna biashara na kikande wa madoa, hata mwenyewe akiwa na pesa.

Kwa walio bara kuna hesabu nyingine ya chumvi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, hivyo tangi la lita 648 linahitaji karibu kilo 23 za chumvi maalum ya tangi la baharini ili kujazwa mara ya kwanza tu, na mengine kila yanapobadilishwa maji. Chumvi ya jikoni haifai. Mteja wa Nairobi au Nakuru aelezwe gharama hii kabla hajalipa chochote. Akikimbia, heri akimbie wakati huo.

Swali la pili ni la majirani, na hapa wafugaji wetu wa kuku wanajua zaidi kuliko wanavyodhani. Wanajua kuku mgeni hudonolewa, na ndiyo maana wengi humwingiza bandani usiku. Wanajua pia kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Kanuni za tangi ni hizo hizo.

Kikande awe mmoja. Kangaja awe mmoja wa umbo lile na rangi ile. Ukitaka wawili, wawe wa aina tofauti, tangi liwe kubwa, na waingizwe siku moja ili asiwepo mwenyeji. Ikumbukwe kwamba kangaja ana mwiba mkali kama wembe kwenye shina la mkia, nao haukuwekwa pale kwa urembo. Mkunga wa madoadoa anayekula kaa, yule asiyezidi mita moja, huishi vyema na samaki wakubwa kwa kuwa hashindani nao. Hukaa shimoni mwake. Kaa, kamba na konokono wasiwekwe na kikande kabisa, labda kama unawahesabu kuwa chakula.

Kuna kosa moja linalorudiwa mno: kumuuza samaki simba, mwenye mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, pamoja na kikande, kwa kuwa wote wawili wanaitwa wakali. Ukali wao si mmoja. Samaki simba hamfukuzi mtu. Yeye huelea polepole na kummeza yeyote anayeingia kinywani. Kikande hung'ata. Baada ya muda mapezi yale marefu yatakuwa yametafunwa hadi kwenye miiba. Samaki simba anataka majirani watulivu ambao ni wakubwa kuliko kinywa chake, basi. Kwa upande mwingine, si kila kikande ni jambazi. Yule wa buluu mwenye meno mekundu hula vijidudu vinavyoelea majini, na huvumilia majirani kuliko ndugu zake. Yule wa kijani kibichi kilichokolea mwenye mistari ya machungwa iliyolala upande ndiye mbaya wao. Ushauri wetu ni kwamba auzwe kwa anayekubali kumweka peke yake, la sivyo asiuzwe.

Mpangilio wa kuwaingiza una uzito kama uteuzi wenyewe. Mpole huingia kwanza, mkali mwisho. Ikiwa mkali tayari ni mwenyeji, mtoe siku chache, panga mawe upya ili shamba lake la zamani lipotee, mwingize mgeni, kisha mrudishe. Wengine humtia mgeni ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu kinachoning'inia tangini kwa siku kadhaa, waonane bila kuumana. Ni njia ya bei nafuu, nasi tunaipendekeza. Taa zizimwe saa ya kuwaachia, na mwenyeji awe ameshiba.

Na yote hayo ni bure ikiwa maji hayajakomaa. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita ili bakteria wanaogeuza amonia ya mavi na mabaki ya chakula wazaliane vya kutosha. Samaki wakali ni walaji nyama, na uchafu wao ni mwingi. Anayeuza tangi Jumamosi na kikande Jumapili anajua, au anapaswa kujua, atakachokipata wiki inayofuata. Faida nyingine ya tangi kubwa huonekana stima ikipotea: maji mengi hayaishiwi hewa upesi, ijapokuwa pampu ndogo ya betri ni kitu cha kuwa nacho.

Wavuvi nao wana sehemu yao. Kikande na kangaja hutoboa mifuko, basi kila mmoja afungwe peke yake, mifuko miwili kwa samaki mmoja, theluthi ya maji na iliyobaki hewa ya oksijeni, baada ya kutolishwa siku moja au mbili ili asichafue maji njiani. Anayewarundika kwenye ndoo moja ili kuokoa mifuko hufikisha sokoni samaki waliochanika, kisha hulalamika kwamba bei ni mbaya.

Yupo atakayesema haya ni mambo ya matajiri na vioo vyao. Sivyo. Yule kikande wa mistari ya machungwa ana kazi kwenye miamba yetu. Utafiti wa Tim McClanahan, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba ndiye mlaji mkuu wa wale viumbe wa mviringo wenye miiba ambao kila mvuvi amewahi kuwakanyaga. Anapotoweka, wao huongezeka na kuguguna mwamba ambao samaki wa kitoweo hutegemea. Idadi yake hata ndani ya hifadhi hurejea polepole, kwa miaka mingi. Kwa hiyo kila kikande anayefia kwenye tangi la lita 180 huko mjini ametolewa kwenye ulinzi wa mwamba wa mvuvi wa Msambweni au Watamu, na hakuna aliyefaidika zaidi ya mara moja.

Ndiyo maana tunataka stakabadhi ya kila samaki mkali iandikwe vitu vitatu: jina lake, urefu wake akiwa mzima, na tangi dogo kabisa analoweza kuishi ndani yake. Serikali imekuwa na Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi tangu mwaka 2016, na wanaotoa leseni za biashara hii hawakosi mahali pa kuandika sharti kama hilo. Wauzaji wasingoje kulazimishwa. Wanaweza kuanza kesho kwa kalamu.

Tunataka pia sharti la kurudisha. Mwuzaji akubali, kwa maandishi, kumpokea samaki aliyelizidi tangi, hata kwa nusu ya bei, kwa kuwa yupo mteja mwingine mwenye tangi kubwa zaidi. Asiyekuwa na pa kumrudisha humbeba hadi ufuoni na kumwachilia pamoja na maradhi aliyoyapata tangini. Huko Florida, samaki simba, ambaye asili yake ni bahari hizi zetu na Pasifiki, alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1985, na inaaminika alitupwa na wafugaji wa matangi. Leo amejaa Karibi yote na amefika Brazil, akiwala samaki wachanga wa wavuvi wa huko.